Ushanga wa Mazinde, Vioo vya Berlin

Kilikuwa kikao cha kamati ya ujenzi, Jumapili baada ya ibada ya pili, katika usharika mmoja wa milimani ambao sitautaja. Ajenda ilikuwa madirisha. Kanisa lilikwisha ezekwa, plasta imekauka, na fundi wa alumini alikuwa ameleta bei mbili: vioo vyeupe vya kawaida, au vioo vya kubandikwa stika za rangi, zenye maua ya yungiyungi na malaika wa nywele za dhahabu. Mimi nilialikwa kama mtoto wa nyumbani, mzaliwa wa Mombo anayeandika mambo ya kale. Nikauliza kama dirisha moja, moja tu, lingeweza kubeba habari za vita vilivyopita hapa. Mzee mmoja wa kanisa, aliyenifundisha Katekisimu nikiwa mdogo, akanijibu kwa upole: "Mwanangu, huko Ulaya makanisa yalipigwa mabomu, wakayajenga upya na kuweka vioo vya kumbukumbu. Sisi tutakumbuka nini? Usambara hakukuwa na vita."

Nilishuka na maneno hayo hadi Mombo, kona baada ya kona, na hayajanitoka. Si kosa la mzee. Ndivyo tulivyofundishwa sote. Vitabu vya watalii vinaanza na Wilhelmstal, jina ambalo Wajerumani waliipa Lushoto, na vinatusimulia hewa baridi, maua na nyumba za walowezi, kana kwamba milima hii ilikuwa imelala ikisubiri kuamshwa. Makala haya ni jibu langu kwa mzee wangu. Vita vilikuwapo. Vilichoma mji mkuu wetu. Na kioo cha rangi, kile ambacho kamati ilikijadili kama pambo geni, kilikuwa kimekwisha fika kwetu kabla ya kanisa la kwanza kujengwa, kikashiriki katika kuuchoma.

Anayepita Mombo kwa basi la Arusha huona stendi, joto, vijana wanaokimbiza madirisha wakiuza plamu na peasi zilizoteremshwa kutoka juu, na barabara inayoiacha lami kuu na kujikunja kupanda Soni na Lushoto. Nyuma ya maduka, mlima umesimama kama ukuta. Mbele yake ni nyika iliyotandazwa hadi Mto Pangani. Mombo ni kizingiti: watu wa baridi hushuka hapa kukutana na watu wa joto. Asiyeielewa nafasi hiyo, mlima juu na nyika chini, hawezi kuielewa historia ya Usambara.

Mwanzo wake unajulikana, nami sitaurefusha. Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu, alipanda milimani akigawa nyama, akaua simba, Washambaa wakamfanya mfalme. Uzao wake ndio Wakilindi, na kiti chao kilikuwa Vuga, kwenye mgongo wa mlima unaotazama nyika hii ya Mombo. Karne moja hivi baadaye alitawala mjukuu wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, aliyeitwa Simba Mwene. Katika siku zake hata madiwani wa pwani, upande wa Tanga na Vanga, walipata uhalali wao kutoka Vuga. Wanawe walitawala vilima kama mazumbe, yaani machifu. Mvua ilikuwa yake, na njaa pia.

Vuga ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu leo hakuna anayekaa hapo kwa mawazo hata dakika tano.

Mmisionari Ludwig Krapf alifika mwaka 1848, akarudi mwaka 1852, akitafuta mahali pa kujenga misioni. Wasafiri Richard Burton na John Speke walifika Februari 1857, mvua ikiwanyeshea, na Kimweri akiwa mzee sana, akiomba dawa ya kumrudishia nguvu. Burton aliandika kuwa mji huo ni rundo la vibanda kama 500, na kwamba aliambiwa una watu wapata 3,000. Nimelisoma neno hilo, rundo, mara nyingi, na kila mara linaniudhi. Mgeni hakuruhusiwa kulala ndani ya Vuga. Burton alilala nje, akautazama mji kwa mbali, akaondoka baada ya muda mfupi, kisha akauhukumu. Watu 3,000 juu ya mlima mmoja, wote wakila ndizi na nyama ya kodi iliyopandishwa kwa miguu kutoka pande zote za nchi, hawakai pamoja kwa bahati. Huo ni mpango. Ni serikali. Nyumba zilikuwa za miti na nyasi, ndiyo, na kwa hiyo hazikuacha magofu ya kupigia picha. Lakini kutoacha gofu si kutokuwapo.

Washambaa wana maneno mawili ambayo mtoto yeyote wa milimani aliyelelewa na bibi anayajua. *Kuzifya shi* ni kuiponya nchi: mvua inyeshe, watu wasikamatane, mfalme awe mmoja. *Kubana shi* ni kuiharibu: nguvu ipambane na nguvu, jua liwake, watu wakimbie. Historia yote ya Vuga imo katika maneno hayo mawili. Hadi Kimweri alipofariki, mnamo mwaka 1862, nchi kwa jumla ilikuwa imeponywa. Baada yake iliharibiwa, na walioiharibu walianzia huku chini, jirani na Mombo.

Mazinde ni kilomita chache tu kutoka Mombo, ukifuata barabara ya Same. Hapo alikaa Semboja, mwana wa Kimweri. Mazinde haikuwa na mvua wala heshima ya Vuga, ila ilikuwa na njia. Misafara iliyotoka Pangani kwenda Upare na Kilimanjaro ilipita nyikani, chini ya mlima, na kila mzigo ulimpitia Semboja mlangoni. Mizigo ya kwenda bara ilikuwa nguo, bunduki, baruti, waya wa shaba na ushanga. Mizigo ya kurudi ilikuwa pembe na watu.

Ushanga huo ulikuwa kioo. Ulitoka Venice, katika tanuri za mafundi wa kioo walioifanya kazi hiyo kwa karne nyingi, ukavuka bahari hadi Zanzibar, ukapimwa kwa mizani, ukatungwa kwenye nyuzi, ukapanda njia ya misafara. Kulikuwa na aina nyingi, na kila nchi ilikuwa na mtindo wake: msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulilala njaa. Aina iliyopendwa kuliko nyingine ni samesame, nyekundu kama matumbawe juu, nyeupe ndani. Bibi yangu alikuwa na nyuzi mbili za samesame ndani ya kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi. Alizitoa siku za harusi tu. Nilipomuuliza zimetoka wapi, alisema za mama wa mama yake, na kwamba zamani nyuzi kama hizo zilinunua mtu. Nilikuwa mtoto, nikadhani ni hadithi.

Haikuwa hadithi. Kimweri alipokufa, kiti kilikwenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu, kijana aliyeketi Vuga akiwa na mvua, ng'ombe wa kodi na haki yote ya mila. Semboja, baba yake mdogo, aliketi Mazinde akiwa na bunduki. Mwaka 1868 hivi vita vilipanda mlima. Shekulwavu alikimbia, Vuga ikachomwa moto. Nyumba mia kadhaa za nyasi, zilizobanana juu ya mgongo wa mlima wenye upepo: msomaji na apige hesabu mwenyewe ni saa ngapi zilitosha. Wabondei nao wakaasi, wakawafukuza Wakilindi nchini mwao, na uasi huo ukaitwa Kiva. Semboja akamweka mwanawe, Kimweri Maguvu, juu ya majivu ya Vuga, lakini yeye hakupanda. Alibaki Mazinde, njiani, penye mali. Ikafuata zaidi ya miaka 20 ambayo wazee waliipa jina la Pato, wakati wa kupokonyana. Zumbe alivamia kijiji cha zumbe mwenzake, akateremsha mateka hadi nyikani, akapandisha baruti. Mtoto aliyetumwa maji mtoni hakurudi. Watu waliacha kulima mashamba ya chini, wakajibanza vileleni.

Hivyo ndivyo vita ambavyo mzee wangu anasema havikuwapo.

Hapa ninagombana na mtu ninayemheshimu sana. Abdallah bin Hemedi Liajjemy, mwandishi wa Habari za Wakilindi, ametuachia hazina ambayo makabila mengi ya Afrika Mashariki hayana: historia ya ufalme iliyoandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyewaona wahusika kwa macho. Misioni ya Magila ilichapisha sehemu zake, na mwaka 1962 kitabu kikatolewa upya. Kisome; lugha yake ni tamu kama maji ya Soni. Lakini Liajjemy aliishi karibu na Semboja na wanawe. Katika kalamu yake vita vinakuwa ugomvi wa ukoo: nani alimtukana nani, nani alinyimwa heshima, baba mdogo na mtoto wa kaka. Yote hayo yalikuwapo. Ila ugomvi wa ukoo hauchomi mji wa watu 3,000. Ugomvi wa ukoo unaishia kwenye kikao na mbuzi. Kilichouchoma mji ni bunduki, na bunduki zilikuja kwa njia moja na ushanga. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeketi na wazee wa Usambara kabla ya kutoa kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme huu, aliliona hilo vizuri: nguvu ilihama kutoka mlimani kwenda nyikani, kutoka kwa mwenye mvua kwenda kwa mwenye biashara.

Ninagombana vilevile na wamisionari wa kwanza. Walipanda milimani mwaka 1891, Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, wakajenga Mlalo. Mwaka 1893 wakajenga upande wa Mtae, mwaka 1895 Vuga, mwaka 1899 Bumbuli. Nimebatizwa katika kanisa walilolipanda na siwezi kuwasema vibaya kirahisi. Lakini wao na waliowafuata walizoea kusimulia kwamba waliikuta nchi gizani. Nchi ilikuwa gizani kweli. Hawakusimulia ya kutosha giza hilo lilivyoingia: bunduki zilitengenezwa kwao, ushanga ulitengenezwa kwao, na watu wetu ndio waliokuwa bei.

Sasa nirudi kwenye kioo, maana ndicho kilichotukutanisha.

Kioo cha dirisha la kanisa na kioo cha ushanga vinatoka tanuri moja. Ni mchanga, majivu au magadi, na chokaa, vimeyeyushwa pamoja. Rangi hutoka kwenye madini: kobalti huzaa buluu, shaba huzaa kijani au nyekundu kufuatana na moto, dhahabu kidogo sana huzaa wekundu wa damu. Fundi wa zamani wa Ulaya alikata vipande, akavichora nyuso na mikunjo ya nguo kwa rangi ya unga wa chuma, akavirudisha motoni ili michoro ishike, kisha akaviunga kwa vipande vya risasi. Fundi wa ushanga alivuta kioo kile kile kikawa mrija mrefu, akaukata punje punje. Punje ilikuja Mazinde. Kipande kilikwenda kanisani. Mwanga unaopita katika samesame za bibi yangu ukiziinua juani ni mwanga uleule unaopita katika dirisha la kanisa kuu. Kwa hiyo anayesema vioo vya rangi si vyetu hajui ni mara ngapi tumevilipia.

Mwaka 1895 ndio unaoniumiza kichwa. Mwaka huo alikufa Semboja. Mwaka huo Wajerumani, waliokuwa wamejiwekea kituo palepale Mazinde kabla ya kuhamia Wilhelmstal, walimnyonga mwanawe Mputa, mfalme wa Vuga, wakamketisha Mkilindi mwingine, Kinyashi, kitini. Mwaka huo misioni ilifunguliwa Vuga. Na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, mjini Berlin, Kaizari Wilhelm wa Pili alihudhuria kuwekwa wakfu kwa kanisa kubwa la kumkumbuka babu yake, Wilhelm wa Kwanza: mnara wa mita 113, michoro ya vijiwe vya rangi kwenye dari, ukoo wote wa kifalme umepangwa ukutani kama watakatifu. Mfalme mmoja ananyongwa, mfalme mwingine anachorwa kwenye dari. Sisi tukapewa jina lake, Bonde la Wilhelm.

Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na tangu hapo kila kilichopanda milimani kilipitia hapa: kengele, mabati, vitabu, vioo. Na vita navyo vilipitia hapa. Juni 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalishuka kando ya Pangani, yakaingia Mombo, siku chache baadaye Wilhelmstal. Wajerumani walikuwa wamekwisha jenga reli ndogo ya matoroli kutoka Mombo kuelekea Handeni, nao wakarudi nyuma kwa njia hiyo. Maelfu ya wapagazi walibeba mizigo ya pande zote mbili, wakafa kwa homa na njaa bila kuandikwa majina. Wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa, na makanisa ya milimani yakabaki mikononi mwa walimu na wainjilisti Washambaa, ambao waliyatunza bila mshahara wa uhakika hadi Wajerumani waliporudi katika miaka ya 1920. Ushujaa huo nao hauna dirisha popote.

Kisha vita viliwageukia waliozoea kuvipeleka kwa wengine. Bethel, kule Bielefeld, Ujerumani, ndiko yalikokuwa makao ya misioni yetu tangu mwaka 1906. Ni mji wa wagonjwa wa kifafa na walemavu, na kutokana na mfano wake ilizaliwa hospitali ya akili ya Lutindi, iliyoko kwenye milima yetu hii hadi leo. Septemba 1940 mabomu ya Waingereza yaliangukia Bethel, yakaua watoto wagonjwa vitandani. Novemba mwaka huohuo ndege za Wajerumani ziliteketeza Kanisa Kuu la Coventry, Uingereza. Na usiku wa tarehe 23 Novemba 1943 kanisa la Kaizari kule Berlin liliungua. Dari ya vijiwe vya rangi ikaporomoka, mnara ukakatika.

Waliyoyafanya baada ya hapo ndiyo ninayotaka kamati yetu iyajue.

Kule Berlin msanifu Egon Eiermann alishinda shindano la kujenga kanisa jipya, na mpango wake wa kwanza ulikuwa kubomoa mabaki ya mnara yote, asafishe kiwanja. Watu wa Berlin walikataa. Waliandika magazetini, wakalalamika, wakasema mnara ule uliovunjika ndio moyo wao, ingawa wenyewe waliuita jino bovu. Si kwamba walimpenda Kaizari. Walikataa kusahau kilichowapata na walichokifanya. Eiermann akasalimu amri. Mnara umebaki hadi leo, zaidi ya mita 60, kichwa chake kimekatika, na pembeni yake akajenga kanisa jipya la pembe nane lililowekwa wakfu Desemba 1961. Kuta zake ni zege iliyotobolewa kama sega la nyuki, na katika matundu hayo viko vioo zaidi ya 21,000 vilivyofanywa na Gabriel Loire, fundi wa Chartres, Ufaransa. Tafakari hilo: Mfaransa, miaka 16 baada ya vita, anawaangazia Wajerumani.

Kazi yake haikuwa ya risasi na nyuso zilizochorwa. Alitumia mabamba manene ya kioo, unene kama kidole, akayapasua kwa nyundo ili kingo zake zivunje mwanga, akayafunga katika zege. Rangi kuu ni buluu, buluu nzito, na ndani yake cheche za nyekundu, kijani na manjano. Hakuna malaika wa nywele za dhahabu. Hakuna mfalme. Ukuta ni wa tabaka mbili, katikati pana taa, ili usiku kanisa liwake kwa nje na anayepita barabarani alione. Coventry nako msanifu Basil Spence aliyaacha magofu yasimame na akajenga kanisa jipya kando yake, likawekwa wakfu Mei 1962. Dirisha la ubatizo, kazi ya John Piper na Patrick Reyntiens, lina vioo 195, visivyo na picha ya mtu hata mmoja: rangi tu, zikikusanyika kuelekea katikati penye mng'ao wa manjano na nyeupe.

Kwa nini waliacha nyuso na picha? Nadhani waliona kwamba baada ya yaliyotendeka, picha tamu ingekuwa uongo. Walihitaji mwanga usiojifanya kwamba hapakutokea kitu. Na waliona kwamba kujenga upya kile kile kilichokuwapo, jiwe kwa jiwe, ni namna nyingine ya kusahau. Kovu likaachwa lionekane, kazi mpya ikasimama kando yake. Mshambaa angeliita tendo hilo kwa maneno mawili: *kuzifya shi*.

Wapo watakaosema hayo ni ya Ulaya. Hapana. Peramiho iliteketezwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, ikajengwa upya kubwa kuliko mwanzo, na anayesimama pale na akumbuke pia Wangoni walionyongwa Songea mwaka 1906. Kule Kyaka, Kagera, magofu ya kanisa lililobomolewa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 yameachwa yasimame, na mtoto wa shule anayepita huuliza, naye hujibiwa. Tanzania inajua kuacha gofu liseme. Tatizo letu milimani ni kwamba mji wetu ulikuwa wa nyasi. Haukuacha jino bovu. Moto ulikula kila kitu, mvua ikaosha majivu, migomba ikaota, na sasa hata mzee wa kanisa anaweza kusema kwa moyo safi kwamba hapakutokea kitu.

Ya baadaye mnayajua, nami nitayapita haraka. Katani iliifunika nyika kutoka Korogwe hadi Mazinde, ikaleta watu wa kila kabila, ikadidimia. Uhuru ukaja, mwaka 1963 makanisa ya Kilutheri yakaungana kuwa KKKT, na Lushoto ikawa makao ya dayosisi. Treni ya abiria ilikoma kwa miaka mingi, stesheni ikabaki ya mbuzi, kisha Desemba 2019 safari za Dar es Salaam hadi Moshi zikarudi na honi ikasikika tena nyuma ya maduka. Makanisa yanajengwa kila kilima. Kila moja linahitaji madirisha.

Basi jibu langu kwa mzee wangu ni hili, nami nitalirudia katika kikao kijacho nikiitwa.

Stika za yungiyungi tuziache. Yungiyungi halioti Vuga. Fedha ileile, au pungufu, inaweza kununua vipande vya kioo cha rangi visivyo na picha, na mafundi wetu wanaojua kumimina zege la matofali ya matundu wanaweza kuvifunga humo. Ufundi huo si siri ya Chartres peke yake; ni nyundo, kioo, saruji, nondo na mkono mtulivu. Na dirisha lipangwe hivi. Chini liwe na manjano iliyokauka, ya nyika ya Mombo na njia ya misafara. Juu yake ipite kamba nyembamba ya vipande vidogo vyekundu vyenye weupe ndani, kimoja baada ya kingine, kama uzi wa samesame. Kila kipande ni mtu aliyeteremshwa mlimani asirudi. Katikati liwe jekundu lililopasuliwa kwa nyundo, moto wa Vuga. Na juu kabisa, kuuzidi moto, kijani cha mgomba na kijani cheusi cha mwangati, na buluu ya ukungu wa asubuhi ambao kila aliyezaliwa huku anaujua. Pasiandikwe jina la mfadhili. Chini yake yaandikwe maneno ya Kishambaa pekee: *kuzifya shi*.

Mtoto atauliza kwa nini pana wekundu katikati ya kijani. Mwalimu wa Jumapili itamlazimu ajue. Akijua atasimulia Vuga, na Shekulwavu, na Semboja njiani Mazinde akihesabu bunduki, na watoto waliotumwa maji. Hapo tutakuwa na gofu letu, la mwanga, lisiloweza kuoshwa na mvua.

Bibi alipofariki, kibuyu kilinifikia mimi. Gunzi limekwisha liwa na wadudu, uzi umeoza, lakini punje zenyewe hazijapungua rangi hata kidogo, kioo hakizeeki. Nimezihesabu. Zinatosha kuingia katika zege mbichi ya dirisha moja, na kamati ikikubali, nitazileta mwenyewe siku ya kumimina.